Nyumba Ndogo ya Khati

Mazungumzo yangu ya leo yana taabu moja ambayo yafaa niikiri tangu mwanzo, nayo ni kwamba nataka kusema habari za vitu ambavyo kazi yake ni kuonekana kwa macho, yaani herufi, hali chombo tunachokitumia mimi nanyi hakina ila sauti. Basi nitawaomba wenye nafasi wachukue kipande cha karatasi na kalamu, na wasio navyo watumie kidole juu ya meza au juu ya mchanga, kwani baadaye kidogo nitawataka tuandike pamoja.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Pangani, na matanga yalipokwisha kuondolewa tulikabidhiwa sisi wajukuu kasha lake, lile la misumari ya shaba ambalo alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kulifunua. Ndani yake mlikuwa na kanga ambazo hazijavaliwa, na udi, na kikuku cha fedha, na chini kabisa bunda la karatasi lililofungwa kwa kipande cha bafta. Karatasi zile zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sote tulikuwa tumepita chuoni na kuhitimu, na kila mmoja wetu aliweza kuufungua msahafu na kuusoma, walakini hakuna hata mmoja aliyejaribu kuzisoma karatasi zile. Tuliziona herufi, tukadhani ni maneno ya dini, tukaona haya kuzitupa na tukaogopa kuzishika, basi nyingine tukazizika kwa heshima kama inavyozikwa misahafu iliyochakaa, na chache tukazirudisha mahali pake. Ilipita miaka mingi hata akaja nyumbani mwalimu mmoja mzee, akaombwa azitazame, naye akavaa miwani yake, akanyamaza kitambo, kisha akaanza kusoma kwa sauti, na yaliyotoka kinywani mwake yalikuwa Kiswahili kitupu: hesabu ya nazi za shamba, jina la mtu aliyekuwa akidaiwa na kiasi cha deni lake, na waraka mfupi wa kaka yake bibi, aliyekuwa safarini baharini, akimwomba dada yake amwangalie mtoto aliyemwacha na homa. Lugha tuliyoisema tangu kuzaliwa ilikuwa imekaa mbele ya macho yetu nasi tusiitambue. Na zile tulizozizika hatutajua kamwe zilikuwa zikisema nini.

Tangu siku ile fikra moja haikunitoka, nayo ndiyo niliyokuja kuieleza: kwamba miji yetu ya pwani yahitaji nyumba ndogo ya makumbusho ya lugha na maandiko, na kwamba nyumba hiyo, ili ifae, yapasa iwe kwanza mahali pa kusomewa, ndipo iwe mahali pa kutazamia. Nasema ndogo kwa makusudi. Tumezoea kulifikiri neno makumbusho pamoja na ngome na mizinga na siwa za pembe na viti vya enzi, vitu ambavyo mtu akivitazama tu amekwisha kupata sehemu kubwa ya faida yake. Lakini maandiko sivyo yalivyo, kwa kuwa waraka uliowekwa nyuma ya kioo pasipo mtu wa kuusoma ni karatasi yenye wino, na mgeni atasema kuwa ni mzuri, kisha atapita.

Wenzetu wamelijaribu jambo hili mahali mbalimbali. Katika Ufaransa ya kusini-magharibi uko mji uitwao Figeac, mji wa watu wapatao elfu kumi, ambako alizaliwa Jean-François Champollion, aliyeyafumbua maandiko ya Misri ya kale, tarehe 23 Desemba 1790. Nyumba alimozaliwa ilifanywa makumbusho mwaka 1986, na mwaka 2007 ikapanuliwa ikawa makumbusho ya maandiko ya ulimwengu, na uso wake wa mbele ukapambwa kwa mabamba ya shaba yaliyotobolewa herufi za mataifa mengi. Karibu nayo upo uwanja ambao tangu 1991 umetandikwa mawe meusi yaliyotoka Zimbabwe, nayo ni nakala kubwa mno ya jiwe la Rashid, lile lililovumbuliwa Misri mwaka 1799 likiwa na tamko la mwaka 196 kabla ya Masihi, lililochorwa kwa maandiko ya namna tatu. Na watu wa mji hukatiza juu yake wakienda zao. Linalonivuta mimi katika habari ya Champollion si jiwe bali ni sikio lake. Wengi walikuwa na nakala za jiwe lile, na baadhi yao walimzidi kwa umri na kwa cheo, lakini yeye tangu ujana wake alikuwa amejifunza Kikopti, lugha ya ibada ya kanisa la Misri, ambayo ni kizazi cha lugha ya Mafirauni, na mwaka 1822 alipoutangaza ugunduzi wake, Kikopti ndicho kilichokuwa kimemwongoza kujua sauti na maana zilizojificha katika zile alama za ndege na simba na macho. Alizisoma kwa sababu alikuwa amekwisha kuijua lugha. Hayo ndiyo aliyotuonyesha yule mwalimu mzee nyumbani kwetu, ijapokuwa hakupata kulisikia jina la Figeac.

Wala tusidhani kuwa mambo ya herufi ni mambo ya Ulaya na ya Misri peke yake. Huko Kameruni, katika mji wa Foumban, Sultani Njoya wa Wabamum alianza kubuni maandiko ya lugha yake kwenye mwaka 1896 hivi, akianza na alama zaidi ya mia tano, kila moja ikisimama kwa neno au kitu. Kisha akayapunguza na kuyatengeneza, mara baada ya mara, hata kufikia mwaka 1910 yakawa alama 80 tu, na kila moja inasimama kwa sauti ya silabi. Alifungua shule za kuyafundisha, akaandikisha kwayo tarehe ya ufalme wake, na dawa za watu wake, na desturi zao. Serikali ya Kifaransa ilizifunga shule hizo, naye mwenyewe akahamishwa kwa nguvu mwaka 1931, akafa Yaoundé mwaka 1933, lakini maandiko yake hayakupotea yote, kwa kuwa yaliwekwa katika jumba lake la Foumban na katika nyumba za watu wake, na leo wapo Wabamum wanaojifunza kuyasoma tena. Namtaja Njoya kwa sababu makumbusho ya Foumban yamekaa mahali maandiko yenyewe yalipozaliwa, miongoni mwa wajukuu wa watu walioyaandika. Na jambo hili nililitamani kwetu mara tu nilipolisoma.

Sasa twende kwenye karatasi zetu. Chora dau dogo, tumbo likiwa chini na ncha mbili zikiwa juu, halafu weka nukta moja chini ya tumbo lake: hiyo ni ba, inapokaa peke yake. Chora dau jingine kama hilo, uweke nukta mbili juu yake: hiyo ni ta. Ziweke pamoja, ukianza kulia kwenda kushoto, na juu ya kila moja weka kijistari kilicholala, yaani fatha, ndiyo sauti ya a. Umeandika bata. Lakini wazee wengi wa zamani hawakuwa na herufi ya pa, maana Kiarabu hakina sauti hiyo, basi waliiandika kwa ba ileile. Kwa hiyo umeandika pata pia. Tena ule mvumo unaotangulia katika mb na nd waliuacha mara nyingi bila kuuandika. Kwa hiyo umeandika hata mbata, nazi kavu ya kukamuliwa mafuta. Neno moja, madau mawili na nukta tatu, na ndani yake mna ndege, mna kitendo na mna bidhaa. Njoo kwenye sauti nyingine. Kiarabu kina irabu fupi tatu, nasi tuna tano, basi u na o zilikaa chini ya alama moja, na i na e chini ya alama moja. Mtu wa bandarini akipokea waraka ulioandikwa hivyo, je, ameambiwa mzigo autue au autoe?

Wapo waliosema, na walikuwa wengi katika miaka ya utawala wa wageni, kwamba hapa ndipo palipo na udhaifu wa khati ile, na kwamba ilistahili kuachwa kwa ajili hiyo. Mimi sikubali kuwa hayo ndiyo maneno yote. Msomaji wa zamani alipokuta neno lenye shaka alitazama lililotangulia na linalofuata, akapima maana na mizani ya shairi, akaamua. Yaani hakuweza kusoma kwa kubahatisha sauti tupu pasipo kufahamu, kwa kuwa asiyefahamu alikwama mstari wa kwanza. Isitoshe, waandishi hawakulala. Walichukua pa yenye nukta tatu chini, kama waandikavyo Waajemi, wakatengeneza na herufi nyingine kwa ajili ya cha na ga na va. Na huko Mombasa, ambako masikio ya wenyeji hutenga sauti ambazo Kiswahili cha vitabu kimezichanganya, walitafuta alama za kuzionyesha. Mvita mzee akisema paa, mnyama wa mwituni, na akisema paa, la nyumba, hazitoki kinywani mwake kwa namna moja, maana ya kwanza hupulizwa pumzi. Kadhalika kaa wa pwani na kaa la moto. Katika herufi tunazotumia leo maneno hayo yameandikwa sawasawa, na mtoto wa shule hana habari kuwa pana tofauti. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha miaka mingi huko London, aliieleza kwa uangalifu namna ya kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pasipo kuchanganya sauti zake, na ubao mmoja tu wenye utaratibu wake ungetosha kuwa fahari ya chumba kizima.

Urithi wenyewe si mdogo. Katika msikiti wa Kizimkazi huko Unguja limo andiko la Kikufi lililochongwa katika jiwe, lenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, ndiyo 1107 Miladia. Hilo ni Kiarabu, lakini lilichongwa pwani yetu, na waliolisoma walikuwa watu wa pwani yetu. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizo katika hifadhi ya nyaraka huko Goa, Bara Hindi, kwa sababu ziliandikwa wakati wa mambo ya Wareno. Upo Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Ipo kazi ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ambaye pamoja na mmisionari William Taylor aliyakusanya na kuyaandika mashairi ya mshairi Muyaka yaliyokuwa yamebaki vifuani mwa wazee, na lau si kalamu yake sehemu kubwa ya Muyaka ingekwenda na waliomjua. Karatasi hizo ziko London. Na mtu asiseme kuwa khati hiyo ilikuwa ya tenzi na ya mambo ya kale tu, kwani mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Mombasa gazeti lake, Sahifa, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, akinena na watu juu ya elimu ya watoto na gharama za arusi na mengineyo ya siku zile. Mwaka huohuo iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki kusanifisha Kiswahili cha herufi za Kilatini. Siwezi kuzitaja habari hizi mbili za mwaka mmoja bila ya kusita kidogo.

Nisifahamike vibaya. Herufi za Kilatini zimetutendea mema makubwa, maana zimepigwa chapa kwa bei nafuu, zimemfikia mtu wa Tabora na wa Kigoma na wa Kisumu ambaye hakupita chuo cha pwani, na zimewakutanisha Muislamu na Mkristo katika gazeti moja. Mimi mwenyewe mazungumzo haya nimeyaandika kwazo. Lililonihuzunisha ni kwamba mlango wa pili ulifungwa kabla wa nyumbani hawajatoa vitu vyao. Katika muda wa vizazi viwili, watu waliokuwa wakiandikiana nyaraka wakawa na wajukuu ambao mbele ya nyaraka hizo ni sawa na wasiojua kusoma, na wajukuu hao, kama sisi wa Pangani, hawakuambiwa na mtu.

Basi nyumba ninayoifikiri ingekuwa na chumba kimoja cha mbele chenye mkeka, na meza ndefu, na mwalimu. Mwalimu ndiye kitu cha kwanza cha kununuliwa, kabla ya makabati. Mezani pangekuwa na ubao wa chuoni unaooshwa na kuandikwa tena, na kalamu za matete, na kidau cha wino wa masizi, na mgeni akiingia, awe mtoto wa shule au mtalii au mvuvi aliyepumzika jua, aandike jina lake kwa mkono wake kwa khati ya Kiarabu na ya Kilatini. Ukutani pangewekwa waraka mmoja mmoja, si mia kwa pamoja, na kando ya kila waraka maneno yake kwa herufi za leo, na maana ya maneno yaliyosahauliwa, na chombo cha kusikilizia mtu akiusoma. Na kwa kuwa majirani nao wana haki yao, pangekuwapo fidel ya Habeshi, ambayo kila konsonanti yake ina maumbo saba kwa kufuata irabu. Na khati ya Wavai wa Liberia, iliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele katika miaka ya 1830. Na N'Ko, aliyoibuni Solomana Kante mwaka 1949 kwa lugha za Wamande. Ili mtoto ajue kwamba herufi hazikuteremshwa na ndege kutoka ng'ambo, bali ziliketiwa na kufikiriwa na watu, na baadhi ya watu hao ni Waafrika.

Chumba cha pili kingekuwa cha sauti. Kiamu, Kimvita, Kimtang'ata, Kipemba, Kimakunduchi, na Chimwini cha Barawa, ambacho wasemaji wake walitawanyika kwa vita vya Somalia vilivyoanza 1991, wengi wao sasa wakiishi Kenya na Marekani, vyote hivi vina wazee wanaoweza leo kukaa mbele ya kinasa sauti na kueleza namna ya kuunda dau au kupika bokoboko. Huko São Paulo, Wabrazili walifungua mwaka 2006 makumbusho ya lugha ya Kireno, ambayo ndani yake hamkuwa na vitu vingi vya kushika, bali sauti na picha. Desemba 2015 yaliteketea kwa moto, na mtu mmoja wa zimamoto akafa, lakini kwa kuwa nakala za sauti na picha zilikuwa zimewekwa mahali pengine, makumbusho yaliweza kufunguliwa tena mwaka 2021. Jambo hilo lilinifunza zaidi kuliko risala nyingi. Kila karatasi ya bibi yangu ilikuwa moja, wala haikuwa na nakala.

Juu ya adui wa karatasi sitasema mengi, kwani kila mtu wa pwani awajua: mchwa, na mende, na unyevu wa kusi, na chumvi ya hewa. Juu ya fedha nitasema kidogo. Huko Maryland, Marekani, palikuwa na makumbusho madogo ya lugha yaliyofunguliwa 2008, yakafunga milango yake 2014, na kazi yake ikaendelea bila ya nyumba. Na nionapo habari kama hizo nakumbuka kuwa sisi tunayo njia ya zamani ya kulinda jambo jema lisifukuzwe na kodi ya pango, nayo ni wakfu. Mtu aliweka wakfu duka au minazi, na mapato yakalisha wanafunzi au yakatengeneza kisima, miaka na miaka baada ya yeye kuzikwa. Sioni sababu kwa nini duka moja la chini katika mtaa wa Lamu au wa Mji Mkongwe lisilishe mwalimu mmoja wa khati. Na serikali za pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, ambazo zina idara za makumbusho na za nyaraka, zingeombwa msaada wa elimu ya kuhifadhi kabla ya kuombwa majengo.

Lakini hata nyumba hiyo isipojengwa mwaka huu, liko la kufanya kesho asubuhi. Wewe unayenisikiliza, ikiwa nyumbani kwenu kuna kasha, au mkoba uliotundikwa darini, au sanduku la bati chini ya kitanda, ambalo ndani yake mna karatasi za herufi za Kiarabu zisizojulikana ni nini, usizichome wala usizizike kwa kudhani. Zitoe kivulini, si juani, kwa mikono mikavu. Usizibandike kwa gundi. Zipige picha moja moja, pande zote mbili, picha hizo uzitunze mahali pawili. Kisha mtafute mzee ajuaye kuzisoma, maana wangalipo, ukae naye, akisoma wewe uandike, na chini ya kila karatasi uandike jina la mwenyewe, na mji, na jina la huyo aliyekusomea. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu yule mwalimu aliyetusomea sisi hayupo tena.